Hermelinda Ojeda, Aliyekataa Ufunguo

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya ukungu, na bado hatujazoea. Ndugu yangu Abundio akitoka kazini hupitisha gari lake mtaani kwako kila siku, ingawa si njia yake. Ukimuuliza anasema barabara kuu ina foleni. Mji wetu wa Las Palmitas haujawahi kuwa na foleni, Mama, unajua wewe.

Wasiokufahamu wanaweza kudhani tunamwomboleza mwanamke wa miraba minne. Ulikuwa mfupi. Ukiingia kwenye mizabibu kuchuma zabibu, tulikuwa tunaona kofia tu ikitembea juu ya majani. Uliongea kidogo, ulikula umesimama, na ulikuwa na tabia ya kugonga ukuta wa kila nyumba uliyoingia, ko ko, kwa kifundo cha kidole, usikilize umejengwaje. Uligonga hata kwa daktari. Siku ya harusi yangu uligonga ukuta wa ukumbi, ukamnong'oneza mkweo, "Huu ni karatasi. Msiuegemee."

Wajukuu wako wanaujua mkono wako wa upishi na ukali wako kwa watoto wanaoacha taa zikiwaka. Hawaujui mwaka ule wa ujenzi. Mimi na Abundio tulikuwepo, tuliona kwa macho yetu, na mpaka leo hatuelewi nguvu zile ulizitoa wapi. Ndiyo tunayotaka kuyasema leo.

Baba aligongwa na lori akafa kwenye ukungu wa Desemba, akitoka kupogoa mizabibu. Ulibaki na sisi wawili ndani ya gereji ya watu, pazia katikati, familia nyingine upande wa pili. Wao walikuwa na dirisha, sisi tulikuwa na bomba. Mvua ikinyesha, maji yalipita chini ya mlango, nawe ukatupandisha juu ya meza na kutuambia tuendelee kusoma. Sikukusikia ukilalamika isipokuwa mara moja, ulipomwambia jirani wa nyuma ya pazia, "Mwenzangu, nchi nzima hii inakula mikono yetu, na sisi hatuna pa kutundika sufuria."

Kisha ukasikia kanisani habari za mpango wa nyumba. Kulikuwa na chama kilichonunua shamba lililoachwa nje kidogo ya mji. Familia za vibarua zingekopeshwa kiwanja na vifaa, na kwa kuwa hatukuwa na fedha za kutangulizia, tungetanguliza jasho. Jioni baada ya mashamba, na siku za mapumziko, kila familia ijenge. Wala si kila mtu nyumba yake: wote wajenge za wote. Na sharti lilikuwa moja, lililosomwa kwa sauti siku ya kwanza, kwamba hakuna atakayepewa ufunguo mpaka nyumba ya mwisho iwe imekwisha.

Msimamizi alikuwa Bwana Tripp, mzee ambaye wazazi wake waliingia bondeni humu wakitokea Oklahoma, wakakaa kwenye mahema wakichuma pamba. Ulikuwa ukipenda sana kutusimulia alivyokutazama, kuanzia kofia mpaka viatu.

"Mumeo yuko wapi, mama?"

"Makaburini."

"Sasa nani atakayenyanyua mbao?"

"Wewe nioneshe zilipo."

Nakumbuka siku ya ukuta wa kwanza. Uliundwa ukiwa umelala juu ya zege, mbao zimepigiliwa misumari, kitu kikubwa kisicho na maana kwa macho yangu ya kitoto. Mkajipanga kuuzunguka, wanaume kwa wanawake, wengi wenu mmetoka shambani na vumbi lenu. Don Fidencio Barraza, aliyekuwa na mzaha kwa kila jambo, akasema, "Ambaye hakula maharage leo akae pembeni, asituletee aibu." Mkacheka. Bwana Tripp akahesabu. Mkanyanyua.

Ukuta ukasimama. Kicheko kikakoma. Muda mfupi uliopita hapakuwa na kitu pale ila magugu na upepo. Sasa palikuwa na ndani na nje. Natividad Quiroz, aliyekuwa mdogo kuliko nyote, akapita kwenye uwazi wa mlango, akatoka, akapita tena. Wewe ulikuwa bado umeushika ukuta, hata baada ya kufungwa nguzo za kuuzuia. Bwana Tripp akaja akakuambia taratibu, "Uachie, mama. Unasimama wenyewe."

Ulijifunza kila kitu. Kupima, kukata, kupaua. Ukawa wa kwanza kupanda na wa mwisho kushuka. Wanaume walioanza kwa kukutania wakaishia kukuuliza.

Halafu ikaja asubuhi ile ya Oktoba. Eliseo Quiroz, mume wa Natividad, alikuwa juu ya paa letu. Mbao zilikuwa na umande. Tulisikia mtelezo, kisha kishindo, kisha Natividad akiita jina lake. Eliseo alipona, lakini miguu yake haikurudi tena. Natividad alikuwa mjamzito.

Nyumba ya Quiroz ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Ilikuwa na kuta na paa, haijawa na kingine. Kijana wa ofisini kwenye chama akaja tukakutana kwenye sebule yetu isiyo na dari, watu wamekaa juu ya ndoo za rangi. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa huzuni kwamba familia isiyoweza kutoa kazi haiwezi kubaki kwenye kundi. Quiroz watawekwa kando, italetwa familia nyingine yenye nguvu, vinginevyo wote watachelewa na baridi imekaribia.

Don Fidencio akasimama. Siku hiyo hakutania. "Mimi Eliseo nampenda kama mdogo wangu," akasema. "Lakini wanangu wanalala kwenye gari. Nimechoka kuwaambia kesho."

Wengine wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Natividad alikuwa amekaa pale pale, juu ya ndoo yake, anatazama mikono yake.

Ukasema, bila kusimama, "Alikuwa juu ya paa langu."

"Tunaelewa, mama," akasema kijana wa ofisini. "Lakini sharti ni sharti."

"Na mimi nalishika hilo sharti. Mlisema hakuna ufunguo mpaka nyumba ya mwisho. Ya mwisho ni yao. Basi nangoja."

"Na tukimpa mtu mwingine ile nyumba, akaimaliza?"

"Basi na yangu mpeni mtu mwingine. Siwezi kulala chini ya paa lililomvunja mtu, na huyo mtu nimemfukuza."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, Mama. Nilijua gereji ilivyokuwa, na nilijua kwamba ukisema neno hurudi nyuma. Abundio akanishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma.

"Doña Herme," akasema Don Fidencio, "na kazi yake ataifanya nani?"

"Mimi."

"Wewe una kazi yako."

"Nitafanya na yake."

Don Fidencio akavua kofia, akajipangusa nayo uso. "Huyu mwanamke atatuua," akasema, kisha akaketi. "Haya. Jumapili zangu mpeni Eliseo. Ila misani mniombee nyinyi, maana Mungu atauliza nilikuwa wapi."

Wakafuata wengine. Mmoja akatoa jioni zake za Ijumaa. Mama mmoja aliyekuwa na kikohozi hakuweza kunyanyua kitu, akasema atapika. Yule kijana wa ofisini naye akaomba apewe nyundo. Ofisini kwao alikwenda akawaambia wakubwa kwamba kazi ya Eliseo ina watu, na wakubwa wakakubali.

Tulidhani hapo ndipo shida zilipoishia. Kumbe ulikuwa hujamaliza. Ulikwenda hospitali kumjulia hali Eliseo, ukarudi na kipande cha kamba. Ulikuwa umepimia kiti chake cha magurudumu. Ukakizungusha kipande kile nyumba nzima ya Quiroz, mlango hadi mlango, na kila mlango ulikuwa mwembamba. Fremu zote zilikuwa zimeshapigiliwa. Hukumwita mtu. Ukachukua mtaimbo ukaanza kung'oa.

Bwana Tripp akaingia mbio. "Unabomoa nini tena, wewe mama?"

"Kiti chake hakipiti."

Akautazama mlango, akakutazama wewe. Akatoka. Tukajua amekasirika. Alirudi na mtaimbo wa pili, akaanza na mlango wa bafu.

Mchana mlikuwa mnapogoa, jioni mnajenga, na ukungu ukashuka ule mzito wa bonde letu, ambao mtu aliye ngazini haoni aliyeshika ngazi. Mliitana majina ili kujua nani yuko wapi. Sisi watoto tulikaa ndani ya gari na chakula, tukisikia sauti tu na nyundo, na juu ya sauti zote sauti yako ikiuliza, "Nani ana msumari? Nani ana msumari?" Mikono yako ilipasuka. Uliipaka mafuta ya ng'ombe, ukavaa glavu, ukaendelea. Katika maisha yangu nimehudumia wagonjwa wengi na nimeona watu wakivumilia mengi. Sijaona tena kitu kama kile.

Milozi ilikuwa imechanua tulipokabidhiwa. Watu wamevaa nguo za kanisani, nyumba zote zimepakwa rangi. Wakaita jina lako kwanza, kwa heshima, na yule kijana wa ofisini akakunyooshea ufunguo. Ukaweka mikono nyuma.

"Wao kwanza," ukasema.

Natividad alikuwa na mtoto mgongoni. Akaupokea ufunguo, akampa mumewe. Eliseo akajisukuma mwenyewe kupanda njia ya mteremko mliyomjengea, akafungua, akaingia. Tulimsikia akipita vyumbani. Tukasikia magurudumu jikoni. Kisha akatokea mlango wa nyuma, akazunguka nyumba kwa nje, akarudi mbele yetu, na hakuna mkono wa mtu uliomgusa njia nzima. Don Fidencio, mwenye mizaha yake yote, alisimama kofia mkononi.

Ndipo ukachukua wako.

Chama kikakuajiri baadaye, na Bwana Tripp alipostaafu ulishika nafasi yake. Mitaa mingapi ulisimamia, hatujui, watu wakikuuliza nyumba ni ngapi ulikuwa unasema, "Kawaulize wanaolala ndani." Tunachojua ni kwamba kuanzia mwaka ule hukukubali mlango mwembamba hata mmoja. Sisi tulisoma. Abundio ni fundi umeme, na mimi uuguzi wangu niliusomea kwenye meza ya jikoni ambayo haikuhamishwa mahali pake hata mara moja. Yeyote aliyehamahama utotoni atanielewa.

Ulipofariki, watu walianza kutujia na bei kabla hata maua ya kaburi hayajanyauka. Nyumba za Las Palmitas siku hizi zinatakwa na watu wa mbali. Tukakaa jikoni kwako, ndugu wawili.

"Tukiuza, dada," Abundio akasema, "wanangu wote watasoma bila deni."

Lilikuwa neno la kweli. Akainuka, akazunguka vyumbani peke yake. Alikaa muda mrefu huko. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Watu walitoa Jumapili zao humu," akasema. "Mimi nitauzaje Jumapili ya Don Fidencio?"

Basi tumeirudisha kwa chama, Mama, kwa bei ambayo kibarua anaweza kuilipa polepole, na wamepewa watu wa milima ya Oaxaca, Galdina na wanawe, wachuma machungwa. Walikuwa wanaishi nyumba moja na familia nyingine nyingi, kila familia chumba chake.

Siku waliyohamia tulikwenda kuwasaidia kubeba. Hawakuwa na vingi. Binti yake mdogo, Yareli, akafungua mlango wa chumba cha kwanza, akachungulia. Akafungua wa pili, akaufunga polepole asije akamwamsha mtu. Akarudi jikoni, akamwuliza mama yake kwa sauti ya chini, "Mama, na watu wa vyumba vingine wanarudi saa ngapi?"

Abundio akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Hakuna watu wengine, mwanangu. Vyote vyenu."

Mtoto akamtazama usoni aone kama anatania. Kisha akarudi ukumbini, akaanza kufungua milango upya, mmoja mmoja, na safari hii akaiacha wazi.

Unakumbukwa na wanao, Leonor na Abundio. Mkweo Ramiro na mkaza mwanao Odilia. Wajukuu zako wote. Natividad na Eliseo Quiroz na watoto wao. Don Fidencio Barraza, ambaye haoni tena vizuri lakini anakuulizia. Na majirani wa mitaa yote uliyoisimamia. Misa ya kukuombea itakuwa Jumapili asubuhi, kanisa la Mtakatifu Isidori, na baada ya misa chakula kitakuwa kwa Galdina, ameomba mwenyewe.

Pumzika, Mama. Hatujakusahau, wala hatutakusahau.