Hata Ukilia

Shoga, leo nilishaanza kukusanya vitu vyangu mezani.

Si unaujua ule mfumo wetu unaopokea oda moja kwa moja kutoka kompyuta za wateja? Jana niliuwekea ulinzi. Oda ikija bila cheti halali cha usalama, kile kitambulisho cha kidijitali cha kompyuta ya mteja, inakataliwa, na mtumaji anapata jibu. Sasa wakati wa majaribio, jibu nililiandika kwa utani: "Hapa hupiti hata ukilia."

Nikasahau kulibadilisha. Mimi huyu, nikasahau.

Asubuhi mteja wetu mkubwa, yule wa dawa, katuma oda na cheti chake kimeisha muda. Akajibiwa hivyo hivyo. Hata ukilia.

Mkurugenzi wao akampigia bosi, simu ikawekwa spika. "Nani kaandika hili?" Bosi akanitazama. Mimi nikatazama viatu.

Mkurugenzi, mzee wa watu, akacheka mpaka akakohoa. Kumbe cheti kimekufa wiki nzima, na kampuni nyingine zote zinapokea tu oda zake bila kuuliza. "Ninyi peke yenu ndio mlango wenu una komeo."

Bosi kaniamuru niandike jibu lenye heshima. Nikaandika: "Mpendwa mteja, samahani, hapa hupiti hata ukilia."

Kalisoma mara mbili. Kalipitisha.