Magoti ya Bibi Harusi

Kaka Aqil, huko Maskati,

Nakuamkia. Hapa Kisauni wote wazima, mama anakusalimu sana. Ule ubao wa magurudumu ulioniachia bado unateremka mlima wa Nguu Tatu kama mbuzi aliyekata kamba. Mvua imechimba mtaro katikati ya njia. Jana alfajiri mwenzetu Oduor aliuruka akaangukia miibani. Lynnette naye akauruka akatua wima, wallahi, tukampigia vigelegele.

Mimi nimewekwa ndani tangu wiki iliyopita, harusi ni Ijumaa. Khatibu, mchumba wangu, ni mtu mwema. Amesema tu, kwa upole, kwamba mkewe hatateremka milima.

Humu ndani sikai nikatulia. Leo somo wangu anayenifunda, Bi Zuhura, alikuwa akinisugua miguu kwa singo, yale manukato ya kumsingia bibi harusi. Alipofika gotini akasita.

"Hanan, kidonda hiki kibichi. Na wiki nzima umo ndani?"

Nikalifunika goti kwa kanga. Somo akachungulia mlangoni, mama hayupo.

"Kesho alfajiri uvae suruali nzito."

Kaka, nitumie kinga za magoti. Zipitie kwa somo, si kwa mama. Najua hazitafika kabla ya Ijumaa. Wewe nitumie tu.

Mdogo wako,
Hanan