Ovaroli Kwenye Msumari

Baba watoto,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima. Mama yako kikohozi kimemwachia, na lile bati la karakana lililokuwa linavuja nimelibadilisha mwenyewe.

Ulipoondoka kutafuta maisha, wateja walikuwa wakichungulia na kuuliza, “Fundi yupo?” Nikawa nawaonyesha ovaroli yako kwenye msumari, nawaambia umetoka kidogo. Basi wakaniachia magari yao, nami nikayaharibu. Bolti ya yule dereva wa teksi niliikaza mpaka ikakatikia ndani ya injini. Alinitukana mbele za watu. Nilijifungia ndani nikalia, kisha nikarudi kuitoboa kwa drili, taratibu, hadi ikatoka. Tangu siku hiyo sijakata bolti nyingine.

Sasa hivi magari yanapanga foleni. Wananiita Mama Spana, na dereva yule yule huwaambia wenzake, “Huyu shida ndiyo iliyomsomesha.” Nacheka nao. Lakini sifa zote hizo ningezitupa leo hii, mradi wewe uingie mlangoni.

Mama yako ameniambia umeoa huko, na mmejaliwa mtoto. Hongera.

Jana niliitoa ovaroli msumarini, nikaifua, na leo nimeivaa. Nilikuwa naomba inipwaye. Imenikaa kama niliyopimiwa.

Niishie hapa, kuna mteja anachungulia. Anauliza kama fundi yupo.

Yupo.

Mama watoto wako