Mijusi Ambao Hukuwafuga

Mpendwa Shangazi,

Najua barua huanza na salamu, na wewe ungekuwa wa kwanza kunirudishia karatasi niianze upya. Nivumilie. Shikamoo yako nimeiweka mwishoni, maana nina neno la kusema kwanza, na nikianza na heshima nitajificha humo humo kwenye heshima kama nilivyojificha miaka yote.

Asubuhi ya leo nilikuwa nyuma ya nyumba yangu hapa Kambarage, nang'oa magugu kwenye matuta ya mchicha. Nikamwona mjusi juu ya tofali. Kichwa chekundu, mgongo wa buluu, anaota jua. Akanitazama, akatikisa kichwa mara tatu. Muda si mrefu nilikuwa nimeketi pale pale kwenye udongo mbichi nalia, mtu mzima mwenye watoto watatu.

Unakumbuka ilivyoanza kule Nyasubi? Ilikuwa miaka ya tisini, mimi niko darasa la nne. Ulikuwa umefiwa na mumeo, huna mtoto, Baba akakupa chumba cha uani. Hukukaa hata wiki, ukaigeuza ardhi ya nyuma ya jiko kuwa bustani: mchicha, figiri, nyanya. Wadudu nao hawakuchelewa. Baba akaleta kopo la dawa ya pamba kutoka shamba, akasema nyunyiza mara moja tu, wote chali. Ukamwangalia juu mpaka chini.

"Kaka, pamba tunavaa. Mchicha tunakula. Au siku hizi wewe unakula shati?"

Mama alicheka mpaka akamwaga uji.

Basi ukaja na lako. Ulisema kule kijijini kwenye majabali uliwaona mijusi wakila panzi na viwavi tangu jua linachomoza, sasa kwa nini wa hapa mjini washinde njaa juu ya kuta za watu? Tukabeba mawe mimi na wewe, kwa karai, safari kumi na ngapi sijui. Tukayapanga kwenye kona ya ua wa minyaa, bapa juu ya bapa, tukiacha nafasi za kupenya, upande unaopigwa na jua la asubuhi. Ukaweka kigae cha mtungi uliovunjika, ukakijaza maji. Paka wa kuazima tukamrudisha kwa mwenyewe, asije akawawinda mijusi. Halafu ukapiga marufuku kufagia kona ile, na hapo ndipo Mama aliponuna. Kwetu mwanamke anajulikana kwa uwanja wake, na wewe unaacha majani makavu yarundikane mchana kweupe!

"Wifi, watu watasema," alikwambia.

"Waseme. Kwenye majani yale ndiko chakula chao kinakolala."

Wakaja. Kwanza mmoja, mwembamba, wa rangi ya udongo. Kisha watatu. Kisha lile dume kubwa lenye kichwa chekundu, ukalibatiza Mwenyekiti, kwa sababu lilikuwa linapanda jiwe la juu kabisa na kutikisa kichwa kama linapitisha hoja, huku wajumbe wake wakihangaika na viwavi huko chini. Mvua zilipokolea mchicha wetu ulikuwa mzima, majani mapana, hauna tundu hata moja. Siku moja ulinikuta nachungulia, ukanifokea kwa utani, "Huna adabu? Mwamkie, amekuzidi cheo." Nikasema, shikamoo Mwenyekiti. Akatikisa kichwa. Loo, tulicheka! Ulishika mbavu, machozi yanakutoka kwenye yale macho yako ambayo moshi wa kuni ulikuwa umeyafanya mekundu siku zote.

Nikikuuliza, "Shangazi, mijusi wako wamekula leo?" ulinisahihisha kila mara. "Si wangu. Mimi sifugi. Nimewakaribisha tu, wakichoka wataondoka." Nilidhani ni ubishi wako wa kawaida, maana ulikuwa mbishi, shangazi, tusidanganyane. Kumbe ulijua unaishi na watu gani. Kwetu Usukumani ukisemwa unafuga ng'ombe, hiyo ni sifa. Ukisemwa unafuga kitu cha porini, watu wanawaza fisi, na mwanamke anayefuga fisi hawamwiti jina lingine ila mchawi. Nilikuwa nalisikia hilo kila siku, nikashindwa kuliunganisha na wewe.

Nikalisema neno hilo la kufuga bombani. Foleni ilikuwa ndefu, Doto wa Mama Kulwa, jirani yetu, anaringia viatu vipya, na kila mtu anamsifia. Mimi sikuwa na cha kuringia. Nikapaza sauti:

"Shangazi yangu anafuga mijusi. Nikiwaamkia wanaitikia!"

Watoto walicheka. Wanawake hawakucheka. Mama Kulwa alitua ndoo yake chini, akaniuliza polepole, "Wanaitikia?"

"Ndiyo. Wanasema marahaba."

Ile marahaba niliiongeza mwenyewe, jamani. Nilitaka inoge.

Hazikupita wiki mbili Kulwa, pacha wa Doto, akashikwa na degedege. Alipona, lakini mama yake alikwisha kupata pa kuutua mzigo wake. Akasimama kwenye minyaa yetu, akasema kwa nguvu ili mtaa usikie kwamba mambo ya kufuga wadudu wanaoongea yaishe. Wanawake waliokuwa wanakuomba mbegu za mchicha wakaanza kukupisha njiani. Kisha asubuhi moja ukakuta karatasi mlangoni kwako, imekandamizwa kwa jiwe, tena jiwe la kwenye rundo letu. Ulituita ukaisoma kwa sauti: "Hama wewe na mifugo yako kabla hatujaja."

Ulicheka. "Mifugo! Mimi sina hata kuku." Halafu kicheko kikakatika, ukaikunja ile karatasi mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama punje ya hindi. Ukauliza, "Hili neno la kufuga limetoka wapi?" Baba hakujua. Mama hakujua. Mimi nilikuwa nasugua sufuria, nikaendelea kusugua. Sote tulijua walivyouawa kwa kuitwa wachawi akina mama wenye macho mekundu huko vijijini. Ungekufa, shangazi, kwa ajili ya neno langu moja, na mimi nasugua sufuria!

Baba akaamua uende Segese kwa Baba Mdogo, aliyekuwa anachimba dhahabu kule. "Ni kwa usalama wako, dada." Ulipanda lori na boksi lako na mche mmoja wa nyanya kwenye kopo. Mama alilia. Mimi ulinivuta sikio, si kwa nguvu, ukanong'ona, "Ukienda bombani, chota maji urudi." Nikadhani ni yale maagizo ya kila siku ya watu wazima, kwamba nisizurure. Nikasema ndiyo, shangazi.

Siku ya tatu vijana wakaja na mawe. Mijusi wadogo walipenya kwenye rundo wakapotea. Mwenyekiti hakukimbia. Alikuwa ametuzoea, akaona watu wanakaribia, akatikisa kichwa. Baada ya hapo Mama alinipa fagio. Niliifagia kona yote, majani, kigae na yeye mwenyewe, mpaka uwanja ukawa safi kama wa watu wengine.

Nilipomaliza darasa la saba nilikuja kukutembelea. Ulikuwa na chumba kimoja cha mabati kwenye safu ya vyumba vya wachimbaji, na mbele ya mlango vumbi jeupe la mawe yaliyosagwa. Mchicha ulikuwa umeuotesha ndani ya dumu lililokatwa, majani yake yana matundu. "Hapa hata mjusi hakuna," ulisema. "Baruti zimewafukuza wote." Ukanipakulia ugali na mlenda, ukaniangalia ninavyokula, halafu ukauliza kama unauliza habari za ndugu:

"Mwenyekiti hajambo?"

Neno lilinifika hapa kooni, haki ya Mungu. Lote, la bombani na la fagio. Nikameza tonge.

"Hajambo, shangazi. Anakusalimu."

Kisha ukatabasamu, ukasema, "Haya. Nawe ukirudi msalimie." Ukaenda kuleta maji ya kunawa. Mwaka uliofuata kifua kikakuchukua, ukazikwa huko huko, kwenye ardhi ambayo kila mtu anaichimba.

Sasa nikwambie kilichonikalisha chini leo. Mjusi alikuwa bado juu ya tofali. Binti yangu mdogo akatoka na ndoo, anakwenda kuteka maji kwa jirani, na mimi nikajisikia namwambia, "Chota maji urudi, usianze kuwasimulia watu mambo ya nyumbani." Maneno yakanitoka tu. Nusu yake ilikuwa yako, nusu yangu, na nilipoyaunganisha ndipo nilipokuelewa, baada ya miaka yote hii.

Ulijua. Pale kwenye lori ulikwisha kujua ni mimi, ukachagua kunivuta sikio badala ya kunitaja mbele ya baba yangu. Na kule Segese, uliponiuliza habari za Mwenyekiti, nadhani ulikuwa unanifungulia mlango, shangazi. Ulitaka niseme mwenyewe. Mimi nikakuletea salamu za marehemu.

Basi nasema leo, japo nimechelewa vibaya. Ni mimi niliyelitoa neno lile. Ni mimi niliyefagia. Nisamehe, kama huko uliko kuna kusamehe. Yule wa kwenye tofali sijamfukuza, na jioni nitaanza kumtafutia mawe bapa. Nimewaambia wanangu hatumfugi.

Pumzika, shangazi yangu. Sasa nakuamkia kama inavyostahili: shikamoo. Na safari hii sitamwambia mtu kwamba umeitikia.

Mtoto wa kaka yako,
yule wa bombani