Sahihisho la Signe

Duluth, Jumanne

Mpwa wangu Signe,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba paka wetu ameacha kulala juu ya kompyuta yangu. Sasa analalia kofia. Theluji inayeyuka, mke wangu anasema kisichoyeyuka ni tumbo langu tu.

Juzi mama yako alinipigia: "Kaka, mtoto kaacha kabisa mambo ya tovuti, anasema hana akili hiyo. Nani kamvunja moyo?" Nikamjibu sijui.

Wewe unajua ni mimi. Uliandika kwamba mfano niliouweka kwenye mwongozo wetu wa mtandaoni wa kutengeneza tovuti unamruhusu mtu kuingia kwenye tovuti bila nywila, nami nikakujibu mbele ya wasomaji wote: "Binti, soma kwanza, ndipo ufundishe wakubwa." Nikalikataa sahihisho lako.

Usilolijua ni hili, na wenzangu tunaoandika nao mwongozo nimewaambia leo asubuhi. Wiki iliyofuata niliujaribu mfano ule nikaingia bila nywila, kama ulivyosema. Nikanakili sahihisho lako neno kwa neno, nikaliweka kwa jina langu. Wenzangu wakaandika: "Hongera, mzee! Hilo jicho au darubini?" Nami nikawashukuru, mmoja mmoja.

Mjomba wako mwenye haya,
Arvid