Leso Niliyojifunga Jana

Baba Kui,

Ukitoka zamu mchukue Kui kwa jirani. Githeri iko kwenye sufuria, pasha tu. Nywele zake usijaribu kusuka tena, tafadhali!

Kiwandani Thika wanataka tulale huko wiki mbili, tusiwaletee corona nyumbani. Jana nilikataa. Leo asubuhi nilipoinama kumkumbatia, Kui alirudi nyuma akaniuliza, "Mami, umenawa?" Mimi ndiye niliyemfundisha. Nikapiga simu, nikasema nakuja.

Akiniulizia, mwambie nashona maski, nyingi sana, na yake imo.

Leso niliyojifunga jana iko nyuma ya mlango. ~~Usiifue, ailalie hivyo hivyo, ina harufu yangu.~~ Ifue kwa sabuni nyingi kwanza, ndiyo umpe ailalie.

Mama Kui