Fundi wa Jengo la Mzee Osea

Jumatatu, 3 Juni 2024

Mzee Osea kaniita asubuhi. Jengo letu linatimiza miaka arobaini – anataka historia yake, ukurasa mmoja, ubandikwe mapokezi. Nimekubali kwa sharti moja: jina la Baba liwemo. Ndiye fundi aliyelijenga! Tunduma nzima inasema jengo la Osea, kana kwamba Osea alibeba hata tofali moja.

Jumatano, 5 Juni

Nimempigia Baba, Ileje. Kaongea mpaka vocha ikaisha. Anasema kiwanja kilikuwa majani na upepo tu, na kijiwe cha zege kimesimama peke yake. Fundi aliyemfundisha alimkataza kung'oa jiwe alilolikuta kiwanjani – kona ya kwanza ianzie hapo. Akaanzia hapo. Kona hiyo haina ufa hadi leo, anajisifu.

Nikashuka stoo, nikasogeza maboksi. Lipo. Ukuta umelimeza nusu, namba inasomeka. Ni bikoni ya mpaka wa nchi! Sawasawa na ile waliyoifukua wapima ardhi nyuma ya duka la jirani yetu Witness wiki iliyopita. Duka lake limeonekana kuingia eneo la mpaka, sasa lina X nyekundu, linasubiri kuvunjwa.

Ijumaa, 7 Juni

Wapima bado wako mtaani. Bikoni moja imewapotea, wanahangaika nayo. Nimeandika historia bila jiwe. Nikalitia. Nikalifuta. Watu kumi na wanne tunafanya kazi humu. Na Baba je? Miaka arobaini bila jina, halafu lijulikane kwa hili? Nimerudisha maboksi mahali pake. Naona aibu, lakini nimeyarudisha.

Jumatatu, 10 Juni

Baba kaja bila taarifa, kavaa koti la kanisani, anataka kuona jina lake. Hajakaa vizuri, wapima wakaingia. Mkubwa wao, Gwakisa, kauliza kwa heshima kama yupo anayelijua jengo tangu mwanzo. Mzee Osea, kwa fahari, kamwonyesha Baba.

Nikamshika Baba mkono, nikamwambia chai iko tayari.

"Chai ingoje, mwanangu. Wenzangu hawa wako kazini." Akamgeukia Gwakisa. "Mnatafuta jiwe lenye namba?"

"Ndiyo, mzee."

Sijamwona Baba akinyoosha mgongo hivyo tangu Mama afariki. Wanashuka stoo sasa hivi, yeye mbele. Namsikia akiwaonya waangalie ngazi ya tatu, ni fupi – alikosea kipimo, anasema, ndilo kosa pekee alilofanya kwenye jengo hili.